Korongo wa Saa Kumi

Saa kumi kamili, Bi Taratibu alitoka jikoni na upawa mkono mmoja, kifuniko cha sufuria mkono wa pili, na kopo la pumba kalibana kwapani. Akazunguka nyuma ya nyumba, akashuka ngazi tatu za mawe mpaka ndani ya bwawa, akasimama pale pale anaposimama siku zote, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Akagonga kifuniko. Akamwaga pumba. Akangoja.

Walikuja perege tisa.

Aliwahesabu upya, maana samaki hawatulii, lakini hata pale alipomhesabu mmoja mara mbili hawakuzidi kumi. Mwaka uliopita, saa kama hiyo, maji yalikuwa yanatokota kwa samaki. Walikuwa wanapandiana migongoni, wanamrushia maji mpaka kifuani, na akirudi ndani ilikuwa lazima abadilishe nguo.

"Wangapi leo?" aliuliza wifi yake, aliyekuwa ameketi kwenye baraza ya nyuma anachambua mchele.

"Wapo."

"Najua wapo. Nimeuliza wangapi."

"Wengine wameshiba."

"Wameshiba nini, wifi? Upepo?"

Walikuwa wawili tu katika nyumba ile, mjane na dada wa marehemu, na walikuwa wamezoeana kiasi kwamba siku wasipogombana, kila mmoja anamshika mwenzake paji la uso kuona kama ana homa.

Marehemu mwenyewe alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na mmoja. Hata jina lilikuwa hilo hilo, Mpishi, na siku ya msiba watu walisema tumempoteza Mpishi, wakaeleweka. Kule shuleni kengele ilikuwa mali ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa mchoyo wa kengele kuliko wa mshahara, kwa hiyo Mpishi akawa anaita watoto kula kwa kugonga upawa kwenye kifuniko cha sufuria. Alipostaafu akachimba bwawa kwa mikono yake, akaweka perege, akaanza kuwaita kwa upawa ule ule. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Samaki wakaja. Basi akawaita wanafunzi. Aliyekuwa mkubwa kupita wote alikuwa Kiranja, na kila jioni Mpishi alikuwa anamfokea: "Kiranja, umeshakula mara mbili, mwenzako bado!" Na Bi Taratibu alikuwa anakaa pembeni yake kwenye ngazi, miguu ndani ya maji, anacheka. Jamani, alikuwa anacheka mwanamke yule. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa kumi yao.

Miaka miwili sasa Mpishi hayupo, na katika miaka hiyo Bi Taratibu hakukosa kugonga hata siku moja. Akiwa na homa aligonga. Mvua ikinyesha aligonga, wifi kamshikia mwavuli huku analalamika kuhusu mgongo wake.

Sasa wanafunzi walikuwa wanapungua, na walikuwa wanapungua wakati mbaya. Mtoto wake wa pekee, ambaye kila mtu alimwita Msimamizi kwa sababu ya kazi yake ya kusimamia ujenzi, alikuja Jumapili akasimama juu ya ukingo, viatu vyake vya kazini vimejaa saruji kavu, akaongea na mama yake kama anavyoongea na vibarua.

"Mama, hili shimo tulifukie. Hapa vinakaa vyumba vitatu vya kupangisha, na choo chao."

"Si shimo. Ni bwawa la baba yako."

"Bwawa lina samaki. Hili lina nini?"

"Lina samaki."

"Haya. Mwisho wa mwezi nakuja na wavu. Tukivua mia mbili, sitafungua mdomo tena. Wakipungua, Jumatatu yake lori linamwaga udongo. Tumeelewana?"

Bi Taratibu alisema wameelewana. Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na hasira, na kwa sababu wifi alikuwa anasikiliza dirishani.

*

Mtu akiibiwa, kwanza anamtazama jirani. Jirani yao alikuwa Kinyozi, mwenye kibanda cha kunyolea pale kwenye kona, dirisha lake likitazama bwawa moja kwa moja. Siku tatu mfululizo harufu ya samaki wa kukaanga ilitoka kwake. Bi Taratibu, ambaye kwa kawaida neno moja lilimchukua nusu saa kulitoa, siku hiyo alilitoa bombani, mbele ya foleni nzima ya ndoo.

"Wengine tunafuga, wengine wanakaanga," alisema, na kila mtu akajua anayesemwa.

Maneno hayo yalifika kibandani kabla ndoo yake haijajaa. Kinyozi alikuja hapo hapo, taulo begani, akimwacha mteja na kichwa nusu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nakuomba twende nyumbani kwangu ukakague sufuria."

"Mimi sijasema..."

"Twende tu, mama. Na hawa wote waje, wasije wakasema nimeficha."

Wakaenda. Mke wa Kinyozi alifunua sufuria bila kumtazama mtu usoni. Zilikuwa dagaa, zimebaki kiasi cha kiganja, na watoto wanne wamekaa kuzunguka sahani wakimtazama mgeni aliyekuja kuhesabu mboga yao. Bi Taratibu alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaomba radhi, mara ya kwanza kwa sauti ndogo, na Kinyozi akasema hajasikia, akaomba tena.

"Yameisha," alisema Kinyozi, na kwa kweli kwake yalikuwa yameisha, maana walipotoka nje alianza kucheka. "Mwizi wako mimi namjua, mama. Namwona kila siku kwenye kioo nikinyoa watu. Ana miguu miwili kweli, lakini suruali hajavaa."

"Nani?"

"Korongo. Mkubwa, wa kijivu, shingo kama bomba. Anatua nyuma ya choo chenu, anatembea taratibu kuliko hata wewe, unisamehe, anaingia majini, tap! Amemeza, amekwenda. Nilidhani mnamfuga."

*

Vita ikaanza, na kamanda akawa wifi.

Kwanza alitaka watengeneze sanamu ya kutishia ndege, wakaivalishe aproni na kofia ya Mpishi. Bi Taratibu akasema aproni ile haitoki kabatini, labda naye awe ametiwa jenezani. Wifi akanuna, akatoa gauni lake mwenyewe la zambarau, wakalivalisha vijiti na majani makavu, wakakisimamisha kitu hicho ukingoni. Kesho yake korongo alikuja akasimama kando ya gauni lile bega kwa bega, wote wawili wakitazama maji kama wanaosubiri gari moja. Waliotishika ni binadamu. Muuza mkaa alipita njia ya juu akaiamkia sanamu mara tatu, na alipoona haijibu akaenda kusema mjini kwamba dada wa marehemu siku hizi anaringa.

"Sanamu na mimi tunafanana wapi?" wifi alifoka. "Wapi, hebu nionyesheni!"

"Kiunoni," alisema Bi Taratibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile wakacheka pamoja.

Wakajaribu mawe. Korongo aliruka hatua kumi, akangoja wachoke, akarudi. Wakatundika makopo kwenye kamba. Akayazoea kwa siku mbili tu. Muuza sumu ya panya akaja na shauri lake: samaki mmoja, kijiko kimoja cha dawa tumboni, mnamwacha ukingoni, kwisha kazi. Wifi alikuwa tayari ameshanyoosha mkono kupokea pakiti.

"Hapana," alisema Bi Taratibu.

"Kwa nini hapana? Kwani shemeji yako yule?"

"Sitaki kitu chochote kife kwenye maji yale kwa mkono wangu. Na sisi tunakula humo humo, au umesahau?"

Siku zilikuwa zinakwenda. Zilibaki wiki tatu, na wanafunzi waliojitokeza sasa walikuwa watano. Ndipo wifi alipokwenda ofisini kumleta Bwana Samaki, afisa wa uvuvi.

*

Bwana Samaki alikuwa mwanamke. Cheo kilikuwa kimezoeleka hivyo kabla hajaajiriwa, naye alikuwa ameacha kuwasahihisha watu. Alikuja na pikipiki, akapima kina kwa fimbo, akainusa pumba, akaandika mambo yake. Kisha akaketi kwenye baraza na kusema, "Saa za kulisha zikifika, fanya kama kawaida yako, mama. Usibadilishe kitu."

Saa kumi Bi Taratibu alishuka ngazi, akagonga. Mara tano, mfululizo, kama siku zote.

Bwana Samaki alishtuka mpaka kalamu ikamdondoka. "Huu mlio!" alisema. "Mzee wa nyumba hii alikuwa mpishi wa shule ya bweni?"

"Ndiye mume wangu."

"Mama, mimi nimekula mkononi mwake miaka minne! Ukigongwa upawa tulikuwa tunaacha hata viatu bwenini. Unaona, nimesikia njaa hapa hapa, na mchana nimekula." Alicheka, kisha akakunja uso kidogo. "Ni ule ule kabisa. Au... sijui. Zamani zile."

Bi Taratibu alijaa furaha mpaka kooni. Alitaka kumuuliza mengi, alikuwa anakaa meza gani, alikuwa anapewa ukoko au la. Lakini wifi alimvuta nguo. Korongo alikuwa amekuja. Kumwaga pumba bado, samaki wa kwanza hajaonekana, na ndege alikwisha tua nyuma ya choo, anakuja anatembea.

Bwana Samaki aliangalia ndege, akaangalia upawa. Alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake, lakini alipokuja kusema alisema kama mtoto aliyevunja kikombe cha watu.

"Mama, huyu ndege hajaja mwenyewe. Unamwita."

"Mimi?"

"Wewe unapogonga, samaki wanapanda juu, kwenye kina kifupi, hapa kwenye ngazi. Yeye amejifunza. Anasikia mlio anajua meza imeandaliwa. Na hawa wachache mnaowaona, sio kwamba wengine wote wameliwa. Wengi wako chini. Wamekwisha jua kwamba anayeitika anakufa. Waliobaki hai ni wale wasiokuja wakiitwa."

Korongo alitumbukiza mdomo, akainua kichwa, na uvimbe ukashuka polepole kwenye shingo yake yote.

"Dawa yake?" aliuliza wifi.

"Ndogo. Ngazi hizi zitolewe, ukingo uchimbwe uwe wima, maana korongo haogelei, anatembea. Kamba mbili kuzunguka, moja kimo cha goti, moja kimo cha paja. Chakula kitupwe kule kwenye kina kirefu, leo asubuhi, kesho mchana." Alifunga maandishi yake. "Na mlio uishe."

"Ngazi chukueni," alisema Bi Taratibu. "Kamba fungeni. Hilo la mwisho haliwezekani."

"Mama..."

"Nimesema haliwezekani. Nakushukuru, mwanangu. Pikipiki yako iko juani, itaharibika."

*

Siku mbili hawakusemezana, yeye na wifi yake. Kinyozi na rafiki zake walikuja wakang'oa mawe ambayo Mpishi aliyabeba moja moja kwa toroli, wakachimba ukingo, wakafunga kamba. Bi Taratibu aliwapa chai na hakutoka jikoni mpaka walipomaliza.

Siku ya tatu, saa kumi ilipofika, alichukua upawa, kifuniko na kopo la pumba, akaenda nyuma. Alisimama juu ya ukingo mpya, mrefu, udongo wake bado mbichi. Akainua mkono. Akawaza wale walioko chini, wamejikusanya kwenye tope, wanangoja mlio wa mume wake kama watu wanavyongoja hodi ya mdai. Mpishi hakuwahi kumtisha mtoto kwa chakula. Watoto walikuwa wanakimbia kumfuata. Na yeye, kwa mapenzi yake yote, alikuwa ameugeuza mlio wa mtu yule kuwa kitu cha kukimbiwa.

Akashusha mkono. Akachota pumba, akairusha kwenye kina kirefu, kimya, akarudi ndani, akalala kitandani na viatu. Wifi alikuja akamvua viatu, akamfunika, akaondoka.

Korongo alikuja wiki nzima. Saa kumi alitua nyuma ya choo, akatembea, akakutana na kamba, akasimama kuisikiliza nyumba. Bi Taratibu alikuwa anamtazama kupitia dirisha la jikoni. Siku moja hakuja. Kesho yake pia hakuja. Wifi alipiga vigelegele, akakimbia kumwambia Kinyozi, na aliporudi alimkuta Bi Taratibu amekaa chini kwenye sakafu ya jikoni, analia kwa sauti.

"Sasa hiki ni kilio cha nini? Adui ameondoka!"

"Alikuwa peke yake," alisema Bi Taratibu. "Wifi, alikuwa peke yake aliyebaki anaitika."

Wifi alikaa naye pale chini mpaka maharage yakaungua.

*

Mwisho wa mwezi Msimamizi alikuja na vibarua wanne na wavu. Mvuto wa kwanza, sabini na tatu. Mvuto wa pili wavu ulikuwa mzito mpaka mmoja wa vibarua akaanguka majini, na Kinyozi, aliyefunga kibanda makusudi ili aje kushuhudia, akahesabu kwa sauti kubwa zaidi ya ilivyohitajika. Walipofika mia mbili na arobaini Msimamizi alinyoosha mikono juu.

"Basi! Basi, nimeshindwa. Warudisheni wadogo."

Alimwambia dereva wa lori asije. Kisha, vibarua walipokwenda kunawa, alibaki amekaa ukingoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mama yake amesimama karibu naye. Hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. Alionekana amechoka.

"Nimepita pale kwenye kona juzi saa kumi," alisema. "Na jana pia. Kimya."

"Nimeacha."

"Nikwambie kitu, Mama? Usikasirike."

"Sema."

"Vyumba vilikuwa kisingizio tu. Nilikuwa siutaki ule mlio. Nikifika pale kwa Kinyozi nikausikia, mwili wangu wote unasema Baba yupo. Kutoka pale kwenye kona mpaka kwenye choo, Mama, nakuwa na baba. Halafu nakaribia, nasikia vizuri, najua siye. Kila nikija namzika upya. Ndiyo maana nilikuwa siji."

Miaka miwili Bi Taratibu alikuwa amemhesabia mtoto huyu kiburi, kazi nyingi, mke asiyependa wakwe. Alimlaumu kwa kila kitu isipokuwa hicho.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unafurahi."

"Sikuwa nafurahi. Nilikuwa nimemshikilia." Kisha akauliza, "Umesema unakaribia, unasikia vizuri. Unasikia nini?"

Msimamizi alitazama mikono yake. "Mapigo, Mama. Wewe ulikuwa unagonga tano, mfululizo. Baba alikuwa anagonga tatu. Ananyamaza. Halafu moja."

"Si kweli."

"Tatu za watu wote. Ile moja ilikuwa ya wachelewaji."

"Si kweli! Alikuwa anagonga tano. Mimi nilikuwa nakaa hapa, hapa hapa, miguu yangu..." Lakini alipojaribu kuusikia kichwani, alisikia tano, na tano ile ilikuwa na mkono wake mwenyewe.

Msimamizi aliinuka, akaiweka ndoo sawa kichwa chini, akainama akagonga kitako chake kwa kifundo cha kidole. Tatu. Akanyamaza. Moja.

Sahani ilianguka jikoni. Wifi alitokea mlangoni, mikono inatiririka povu, kandambili moja mguuni na moja imebaki ndani. Macho yake yalikuwa yanamtafuta mtu ukingoni, mrefu kuliko hawa wawili. Kisha akawaona, akaelewa, akashika mwimo wa mlango.

"Mbona mnanifanyia hivyo?" alisema.

"Ulikuwa unajua," alisema Bi Taratibu. "Ulikuwa unajua kwamba nakosea."

"Tangu mwezi ule wa kwanza baada ya msiba."

"Na ulimi wako wote ule hukuniambia!"

"Ningekuambia ungeacha," alisema wifi, akaanza kulia waziwazi bila kujifuta. "Nani mwingine alikuwa anamwita kaka yangu?"

Bi Taratibu alikaa chini kwenye udongo. Aliona aibu, na chini ya aibu ile kulikuwa na kitu chepesi ambacho hakukitegemea. Samaki waliokwenda chini walikuwa wanamkimbia yeye. Korongo yule alikuwa wake. Mlio wa mume wake haukumtisha mtu yeyote, haukumuua samaki hata mmoja. Ulikuwa umekaa mzima kwenye vidole vya mtoto ambaye hakuwa anakuja.

"Hebu rudia," alimwambia.

Msimamizi akarudia.

"Tena. Polepole."

Akagonga tatu. Kisha akanyamaza, akakawia, na Bi Taratibu alijikuta ameinama mbele, mdomo wazi, anaingoja ile moja.